Mvua Nne Ambazo Hazikunyesha

Pinga, tarehe 3 mwezi wa saba 2022

Mama Joséphine-Marie,

Mimi ni Athanase, niliyekufundisha darasa la tatu mwaka wa 1983, katika shule ya udongo iliyokuwa juu ya kijito. Sasa nina miaka themanini na miwili. Moyo wangu umechoka, na muuguzi wa kituo cha afya ameniambia kwa upole nipange mambo yangu. Habari zako nimezipata kwa Mama Kavira, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka hapa na jingine huko Kitshanga. Anasema una cherehani sokoni na kwamba hutaniani na wateja. Barua hii itasafiri katika mizigo yake, kwa sababu simu huku inashika siku inayotaka yenyewe.

Nakuandikia kuhusu ukame. Tangu tarehe 19 mwezi wa tano hapajanyesha tone. Mto Mweso umeshuka hadi umetoa mawe ambayo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuyaona. Naomie, binti yangu anayeniuguza, aliomba watu wanibebe nikayatazame. Juu ya mawe hayo kuna mifereji laini, mirefu kama mkono, iliyochimbwa na watu walionoa shoka zao pale siku ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu. Nilitia kidole katika mfereji mmoja. Ulikuwa na joto, kana kwamba mwenyewe ameinuka sasa hivi.

Msituni majani yanaanguka mchana kutwa. Ukifumba macho utadhani ni mvua. Ukikanyaga, yanalia kama maganda ya maharagwe makavu.

Prince, chifu wetu kijana, amewafyekea watu waliorudi kutoka ukimbizini shamba kubwa la pamoja, kwenye ukingo wa miti. Siku ya kulichoma imetangazwa: Jumamosi tarehe 20 mwezi wa nane. Wasipochoma hawatapanda, na wasipopanda hawatakula.

Nina ombi. Marehemu baba yako, Papa Damien, alikuwa wa ukoo uliopewa kazi ya kushika udongo kabla shamba halijachomwa. Namna ilivyofanyika siijui vizuri. Ningependa uniandikie, ili watoto wa shule wajue mila yao.

Ni mimi mwalimu wako,
Athanase


Kitshanga, tarehe 12 mwezi wa saba 2022

Mwalimu,

Mwandiko niliutambua kabla sijafungua. Kuna vitu viwili mwanafunzi hasahau: fimbo ya mwalimu na herufi zake. Mama Kavira alinipa barua mbele ya wateja wote, akapiga kelele: “Dada, hii iko barua ya mapendo! Muzee wa miaka makumi nane anakutafuta!” Soko zima lilicheka. Nami nilicheka, mpaka niliposoma.

Miaka thelathini na tisa, Mwalimu. Hukuwahi kuuliza kama tulifika. Basi nikujibu ingawa hukuuliza. Baada ya ule moto mkubwa tulifukuzwa kijijini tukiwa watatu, tukafika wawili. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, na tulimzika Kalembe, kando ya njia. Baba alifika Kitshanga na mikono iliyoungua, akalima mashamba ya watu wengine hadi alipofariki mwaka wa 2004. Hapa hakuna msitu wa kushikia udongo. Vilima vyote viko uchi. Miti inapita mbele ya cherehani yangu ikiwa tayari makaa, ndani ya mifuko, juu ya migongo ya wanawake.

Nilitoka huko na miaka tisa. Watoto wangu wanne nikiwaambia kwamba nilizaliwa mahali ambapo saa sita mchana hulioni jua, wananitazama kama mtu anayesimulia mbinguni.

Na leo unauliza mila. Si wewe uliyetuambia darasani kwamba kushika udongo ni ujinga wa watu wasiosoma? Nilikuwa kwenye benchi la pili. Nilimtazama baba yangu dirishani, amesimama na kofia mkononi.

Niambie kwanza kwa nini unataka kujua. Halafu nami nitakuambia namna inavyofanywa.

Joséphine-Marie


Pinga, tarehe 20 mwezi wa saba 2022

Mama Joséphine-Marie,

Habari ya mama yako sikuijua. Naiandika hapa kwa mkono wangu ili isionekane nimeiruka: alizikwa Kalembe, na mtoto ndani yake.

Umeuliza kwa nini. Ule moto wa 1983 niliuwasha mimi.

Mkaguzi wa shule alikuwa afike Jumatatu. Shamba la shule lilikuwa limefyekwa, na nilitaka alikute jeusi na safi, tayari kwa mahindi. Ijumaa adhuhuri baba yako alikuja, akaweka kiganja, akatikisa kichwa. “Mwalimu, ngoja. Udongo unakataa.” Nikamwuliza mbele yenu: “Damien, udongo una mdomo?” Mlicheka. Jumamosi, shule ikiwa tupu, nilichukua makaa jikoni nikayamwaga kwenye kona nne za shamba.

Sisi watu wa huku tulijua jambo moja kwa hakika: msitu hauungui. Unachoma shamba, moto unafika kwenye ukingo wa miti, unakutana na unyevu, unakufa. Nilikwenda kula bila kungoja uzimike.

Niliporudi ulikuwa umeingia. Usifikirie ndimi zinazofika angani. Kimo chake kilikuwa kifundo cha mguu. Ulitembea polepole juu ya majani, kama mtu anayetafuta kitu kilichomwangukia. Mtoto angeweza kuuruka. Tuliupiga kwa matawi, ukalala, tukageuka, ukaamka nyuma yetu, kwa sababu ulikuwa umepita chini, ndani ya mizizi. Siafu walivuka njia mchana kutwa wakibeba mayai yao, upana wa mkeka. Kobe alitembea mbele ya moto bila haraka, naye moto haukumharakisha. Jua lilikuwa na rangi ya mawese, na ungeweza kulitazama kwa macho wazi. Niliogopa, lakini nikiri kwamba nilishikwa pia na kile kinachomshika mtu kanisani mwili wa Bwana unapoinuliwa. Nilipiga magoti kwenye majivu na sikuomba chochote.

Uliwaka siku kumi na tisa. Kila ulipofika kwenye mti mkubwa uliuzunguka, ukauachia mstari mweusi chini, ukaendelea. Tulifurahi, tukasema miti imepona. Baada ya wiki sita miti ile yote ilidondosha majani. Kisha ikaanza kuanguka, mmoja leo, mwingine baada ya mwezi, bila upepo, kwa miaka mitatu. Nikiwa ubaoni nilisikia mlio wake, nikangoja uishe, nikaendelea kuandika.

Nyumba kumi na moja za juu ziliteketea, na mizinga yote ya nyuki. Watu walitaka jina la mtu, na baba yako alikuwa na viganja vilivyoungua.

Mwaka huu ni mkavu kuliko ule. Naogopa tarehe 20. Ndiyo sababu nauliza.

Athanase


Kitshanga, tarehe 28 mwezi wa saba 2022

Mwalimu,

Nilijua.

Baba alikuona ukishuka na mkebe wa makaa. Alikuwa kwenye mitego yake, upande wa pili wa kijito. Aliniambia mwaka wa 2004, wiki mbili kabla hajafa. Nikamwuliza kwa hasira kwa nini hakusema barzani, mbele ya chifu na watu wote. Akasema: “Ningesema, wangefunga shule. Mwalimu alikuwa mumoja tu kwa vijiji saba. Nilichagua kunyamaza.” Na viganja vyake viliungua kwa sababu alikuwa anakwangua majani kwa mikono, siku nne peke yake, ili moto ukose chakula.

Sitakudanganya kwamba sikukuchukia. Lakini moto unaweza kumtoroka mtu yeyote, na hasira yangu imezeeka kabla yangu. Kitu ambacho hakikuzeeka ni ule ukimya wake. Siku ambazo sina unga ndani ya nyumba, najiambia: mimi ni mtoto wa mtu aliyeweza kunyamaza ili watoto wa wengine wasome. Ninasimama wima. Kwa hiyo nimeamua kukusamehe moto, kwa kuwa yeye alikwisha kukusamehe kwa kunyamaza.

Sasa namna yenyewe. Inafanyika adhuhuri, umande ukiwa umeisha. Unafukua majani mpaka udongo mweusi, kina cha kidole. Unaweka kiganja na kukilalia kwa uzito wako wote, na unataja watu wa nyumba yako mmoja mmoja, kwa majina, bila haraka. Ukimaliza unainua mkono. Udongo ukikufuata, choma. Kiganja kikitoka safi, rudi nyumbani. Baba alifanya hivyo mahali patatu. Pombe ya ndizi ilimwagwa baadaye, na iliyobaki ilinywewa, hapo wala sitakuficha.

Na kama ni lazima watu wachome, kwanza wakwangue majani yote kuzunguka shamba, upana wa hatua nane, mpaka udongo uonekane. Mwonyeshe Prince barua hii.

Joséphine-Marie


Pinga, tarehe 5 mwezi wa nane 2022

Mama Joséphine-Marie,

Barua yako ilinitendea wema nisioustahili, na siku mbili nilikusudia kukomea hapo. Nilitaka nife hivyo, nimesamehewa na binti wa Damien.

Prince alikuja. Nilimsomea maelezo yako. Alisikiliza vizuri, ni kijana mwenye adabu, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa daftari langu la mvua.

Unakumbuka kile kipima-mvua kwenye kigingi, nyuma ya darasa? Kila asubuhi nilisoma maji yaliyomo nikaandika. Nimefanya hivyo miaka arobaini na sita. Huku kwetu daftari lile linaaminiwa kama ubatizo.

Prince akaweka kidole. “Mwalimu, ona weye mwenyewe. Elfu moja mia tisa makumi nane na tatu, mwezi wa nane, mvua mara ine. Pori ilikuwa mubichi. Moto ya bure haiwezi kula pori mubichi. Ule ulikuwa moto ya muntu, moto ya uchawi. Na huyo muntu hayuko tena hapa. Basi tuogope nini?”

Hapo nikaelewa kwamba nilichoandika kinaweza kuwaunguza mara ya pili.

Baba yako hakunyamaza.

Ulikuwa mdogo, hukuwepo barzani. Alisimama na mikono imefungwa majani ya mgomba, akasema kwa sauti ya kawaida: “Udongo ulikuwa mukavu. Nilimwambia Mwalimu angoje. Ni yeye njo aliwasha.” Chifu wa wakati ule, babu yake Prince, akanigeukia: “Mwalimu, daftari yako inasema nini?”

Hadi asubuhi ile daftari lilisema siku hamsini na tatu bila mvua. Kabla ya kwenda barzani nilikuwa nimeongeza mvua nne. Milimita tisa, kumi na nne, sita, kumi na moja. Nilizibuni kwa uangalifu. Siku kati ya mvua na mvua sikuzifanya sawa, ili zifanane na mvua ya kweli. Nikasimama nikazisoma kwa sauti ileile niliyowasomea imla. Hakuna aliyekumbuka kama ilinyesha au haikunyesha. Watu hawakumbuki mvua, Mama, ndiyo maana waliniachia mimi niikumbuke. Msitu mbichi umeungua, kwa hiyo si moto wa kawaida. Wakageuka wote kutazama viganja vya baba yako.

Hakuniita mwongo. Alinitazama tu, kama mtu anayetazama mto umebadili njia yake.

Alilokuambia mwaka wa 2004 hakulisema kwa ajili yangu. Nadhani hakutaka uishi ukijua kwamba alisema kweli na hakuna aliyemwamini.

Shule sasa ina jina langu. Kaburi langu limekwisha kuchaguliwa, kando ya mlingoti wa bendera. Vitu hivyo viwili niliogopa kuvipoteza kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Athanase


Kitshanga, tarehe 11 mwezi wa nane 2022

Mwalimu,

Niliishi ndani ya ukimya wa baba yangu kama watu wengine wanavyoishi ndani ya nyumba waliyorithi. Kumbe aliijenga kwa maneno tu, ili nisilale nje. Na wewe umeibomoa nikiwa na miaka arobaini na minane.

Ule msamaha naurudisha kwangu.

Usiniandikie tena. Nenda barzani. Sema mvua zote nne, moja moja, na tarehe zake.

J.-M.


Mweso, hospitalini, tarehe 17 mwezi wa nane 2022

Mama Joséphine-Marie,

Ulinikataza kuandika. Naasi mara hii moja, na ninayeshika kalamu ni Naomie.

Nilikwenda barzani Jumapili baada ya misa, watu wanne wamenibeba kwenye kiti. Nilisema yote. Nilisema makaa, nilisema mkaguzi, nilitaja mvua nne na tarehe zake. Nilisema Damien alikuwa mkweli na mimi mwongo.

Kisha mama mmoja akafuta machozi, akasema: “Aksanti, Mwalimu. Uko na moyo mukubwa.” Sikuelewa. Mwingine akasema, anataka kubeba zambi ya wengine kabla ya kufa, kama watakatifu. Mzee mmoja akacheka: “Mwalimu hajakosa hata tarehe ya Pasaka, atakosa mvua?” Nikapaza sauti. Prince akapiga magoti mbele yangu, akanishika mkono: “Papa, homa njo inasema. Mupumzike.” Nikapiga kelele kwamba sina homa, na nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kunihurumia.

Daftari waliliamini likidanganya. Mwenye daftari akisema kweli, wanampa maji.

Kisha kifua kilinibana, na niliamka nikiwa hapa. Jumamosi watachoma. Sina tena mtu wa kumtuma. Sikuombi kitu kwa ajili yangu, na haki ya kukuomba kwa ajili yao sina pia. Nakuambia tu kwamba watakuwa pale adhuhuri, na mienge, na watoto wao.

Athanase

Mama, ni mimi Naomie. Jina ameliandika mwenyewe, ilimchukua muda. Wakati ule nilikuwa na miaka minne, na yote haya nimeyasikia barzani pamoja na wengine. Nilimwamini mimi peke yangu, kwa sababu hana homa. Napima kila saa. Sijui bado nimwite nani. Kitanda chake kinatazama njia ya Pinga, na hataki kugeuzwa.


Pinga, tarehe 26 mwezi wa nane 2022

Mwalimu,

Nilipita mbele ya hospitali Ijumaa asubuhi. Motari aliyenibeba kwenye pikipiki yake akauliza, “Mama, tusimame?” Nikamwambia endesha. Nakuambia mwenyewe ili usilisikie kwa mwingine.

Kalembe nilisimama. Pale tulipomzika mama pamelimwa, sikupata hata jiwe. Nikaomba kando ya maharagwe ya mtu.

Kijijini kikongwe mmoja alinitazama paji la uso, akapiga mayowe: “Uso ya Damien hii!” Watu wakarudi nyuma. Kijana mmoja akasema, bila kushusha sauti, “Amerudi na moto wake.” Prince alinipa kiti na maji. Nikamwambia: “Sikuja kugombana. Kesho nitashika udongo kabla hamjachoma. Ukinifuata, chomeni, nami nitakula mahindi yenu. Baba yangu alikuwa mchawi, mnasema. Basi mnaogopa nini kiganja cha mushonaji?” Akacheka kidogo. Akakubali.

Jumamosi adhuhuri walikuwa kama watu mia mbili, na mienge ya majani makavu. Mwalimu, nilikuwa nimesahau ukubwa wa miti. Nilisimama chini yake kama mtoto aliyeingia kanisani wakati wa sala za watu wazima. Nilifukua, nikaweka kiganja, nikataja: mama, baba, yule ambaye hakuzaliwa, wanangu wanne. Nikainua. Kiganja kilikuwa safi kama kimetoka kunawa.

“Mukono ya kushona nguo,” mtu akasema, “imezoea usafi!” Wakacheka. Nami nikacheka, nikamwambia Prince: “Wako basi.”

Akavua saa, akapiga magoti. Alitaja mke wake, mama yake, mapacha wake. Akainua. Akautazama mkono wake muda mrefu. Kisha, bila mtu kuamuru, mke wake akapiga magoti, na yule kikongwe, na kijana aliyesema nimerudi na moto. Mwishoni walikuwa wote chini, watu mia mbili, viganja udongoni, kila mmoja anataja watu wake. Sijawahi kusikia kitu kama hicho. Yalikuwa majina matupu, ya wazima na ya waliokufa vitani, yakitembea chini ya ile miti kama maji. Nilisimama katikati.

Wakainua mikono. Yote safi.

Halafu yule mzee wako wa Pasaka akajitazama kiganja, akasema polepole: “Kumbe hata mwaka ule mwenye kushika udongo alijua. Ni kusema ile daftari ilidanganya.” Ndivyo walivyokuamini, Mwalimu. Ulipowaambia wewe walikuonea huruma.

Mienge waliiweka chini. Tulianza kukwangua siku ileile, hatua nane, kuzunguka shamba na kuendelea hadi kijitoni, maana nilisema moto hauulizi shamba ni la nani. Jumatatu ukaja kweli, si wetu: ng’ambo ya kijito mtu alifukiza nyuki, na kijito hakina maji ya kuuzuia. Ulikuja kama ulivyoandika, kimo cha kifundo cha mguu. Ulifika kwenye udongo mtupu ukasimama. Ukatembea kushoto, ukitafuta mlango. Ukarudi kulia. Kijiji kizima kilisimama upande huu na majembe, watoto wamepanda mabegani mwa baba zao, tunautazama nao ni kama unatutazama. Ilipofika saa kumi ulikuwa umelala wote. Ulibaki mstari wa majivu, umenyooka, kama aliyeuchora ana rula. Mimi nimeona vita mara tatu. Sijaona kitu kikubwa kama ule moto mdogo ukikosa pa kupita.

Watapanda kwa kuchelewa, na njaa itakuwepo. Wamesema watangoja hadi udongo uwafuate.

Sasa sikiliza. Jumatano vijana waling’oa kibao cha shule chenye jina lako. Wakaapa hutazikwa kwenye ardhi hii. Prince akaitisha barza, akanigeukia: “Mama, aliyekosewa ni nyumba yenu. Neno iko kwako.”

Sikukusamehe, nisikudanganye. Nimejaribu tangu Mweso hadi hapa, na njia haikutosha. Lakini nilikuwa nimeshinda mchana kutwa mbele ya moto ule, nikajua kwamba katika watu wote waliobaki hai, ni wewe na mimi tu tulioubeba ule wa 1983 miaka yote hii. Nikasema: azikwe hapa. Si kando ya bendera. Azikwe mle ndani mlimoungua mwaka ule, kati ya ile miti ya mwavuli iliyoota baada ya moto. Na kuume kwake paachwe nafasi, kwa ajili ya mifupa ya Damien, ambayo nitaileta kutoka Kitshanga. Baba yangu alinyimwa jibu miaka thelathini na tisa. Mtakuwa na muda.

Wengine walinung’unika. Prince akasema limekwisha.

Nimeambiwa bado unatazama njia. Rudi, Mwalimu. Rudi ukiwa hai kama unaweza. Kama huwezi, rudi hivyo hivyo.

Joséphine-Marie, binti wa Damien